Swichi ya Kaikor Ilinifunza Kupiga Simu

Wasee, hii stori sijawahi kuisema kwa sababu inaniaibisha. Lakini kuna mtu ataingia kwa mtego huo huo, kwa hivyo soma.

Nilikuwa Lodwar, nimeingia kwa SSH kwenye swichi ya shule moja huko Kaikor. Nilitaka kutenganisha kompyuta za wanafunzi na za ofisi, kila kundi na VLAN yake. Kazi ya dakika tano. Nikagusa poti isiyofaa, ile ya dishi ya setilaiti, yaani njia yenyewe niliyoingilia. Skrini ikaganda. Nimejifungia nje, ufunguo uko ndani.

Siku mbili zilikuwa zimebaki KUCCPS wafunge, na vijana waliomaliza Form Four walitegemea hizo kompyuta kuchagua kozi. Binamu yangu alikuwa mmoja wao.

Ningempigia simu. Sikupiga. Mimi ndiye fundi wa tao, ningeanzaje kuomba msaada? Alfajiri nikapanda Land Cruiser na kebo ya konsoli kwenye begi. Hiyo kebo haitegemei mtandao: inatoka kwa laptop moja kwa moja hadi kwa swichi, na unaingia hata kama kila kitu kimekufa.

Nimefika jioni, vumbi hadi kwa meno, nikapata intaneti inafanya kazi. Binamu alikuwa amechomoa waya wa stima, akangoja kidogo, akarudisha. Alijaribu kunipigia, nikawa barabarani bila network.

"Si ungepiga simu tu, kaka?"

Alikuwa sahihi. Mpangilio mpya sikuwa nimeuhifadhi, kwa hivyo swichi ilipozima na kuwaka ilirudia ule wa zamani.

Maoni yangu ni haya. SSH ni ya kila siku, konsoli ni ya siku mbaya. Telnet achana nayo, inatuma password bila kuificha. Usihifadhi kitu kabla hujakijaribu. Kwa swichi ya Cisco, kabla ya kugusa chochote hatari, andika "reload in 10": ukijifungia nje, baada ya dakika 10 inajiwasha upya na mpangilio uliohifadhiwa. Kazi ikienda poa, andika "reload cancel".

Na mheshimu mtu anayekaa karibu na swichi. Binamu alichagua kozi yake usiku huo. Kebo nilimwachia.