Skrini Nyingi, Picha Moja

Mwaka wa 1988 kituo cha umeme cha Kiambere kilipofunguliwa, sisi wa upande wa Mbeere wa Mto Tana tulikuwa tukitazama televisheni kwa betri ya gari. Televisheni hiyo ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, imewekwa juu ya kabati la duka pale sokoni, na antena yake ilifungwa kwenye mti mrefu wa mkau. Mitambo miwili ya kituo ilitoa megawati 144, ambazo baada ya ukarabati zimepanda hadi 168, na nyaya za msongo mkubwa zilizoanzia kwetu zinafika Rabai, karibu na Mombasa. Vijijini tulibaki na taa za mafuta na betri ile ya dukani.

Mwaka huohuo ndio Paul Ereng aliposhinda mbio za mita 800 katika Olimpiki kule Seoul. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka uliofuata ingekuwa KBC, ilionyesha mbio hizo jioni. Wazee walikaa mbele kwenye viti, vijana wakasimama nyuma yao, na sisi watoto tukabaki mlangoni tukitazama migongo. Tulijua Mkenya ameshinda kwa kelele zilizotoka mbele. Tangu wakati huo nimekuwa nikimfikiria mtu wa nyuma, aliye chumba kimoja na picha na bado haioni. Karibu kila kazi niliyofanya baadaye kama fundi wa kompyuta katika sehemu za Mbeere ilimhusu yeye.

Dawa ya mtu wa nyuma ni skrini ya pili. Ni rahisi kusema hivyo. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwa nini skrini mbili, tatu au nne zilizounganishwa na kompyuta moja hukataa kuonyesha kitu kimoja.

Nilianza kulijua tatizo hilo kwa undani baada ya 2009, serikali ilipozindua Mpango wa Kichocheo cha Uchumi na shule za upili katika maeneo bunge zikaanza kupata kompyuta. Katika shule moja ya huku kwetu mwalimu alitaka picha ya kompyuta yake ionekane kwenye projekta ukutani na kwenye monita kadhaa zilizopangwa kuelekea nyuma ya darasa. Wanafunzi walikuwa wengi na mwangaza wa jua la Kiambere unaoingia madirishani uliifuta kabisa picha ya projekta kuanzia saa nne asubuhi. Mapazia yalisaidia kidogo, lakini yalileta joto ambalo hakuna aliyeweza kulivumilia.

Wakati huo kila kitu kilipita kwenye VGA, ile soketi ya pini 15 iliyoletwa na IBM mwaka wa 1987. Niliipenda VGA na bado naipenda, kwa sababu ugonjwa wake unaonekana kwa macho. Rangi nyekundu hupita pini ya kwanza, kijani pini ya pili, buluu pini ya tatu. Mwanafunzi akiita, "Mwalimu, ya huku nyuma imekuwa manjano!" basi buluu imekatika njiani, kwa kuwa nyekundu na kijani zikibaki peke yake huzaa manjano. Picha ikigeuka ya waridi iliyokolea, kijani ndicho kimepotea. Ikiwa ya rangi ya maji ya bahari, nyekundu haifiki. Unakwenda moja kwa moja kwenye kebo ile, unaangalia kama pini imepinda, unakaza skrubu mbili za pembeni, na mara nyingi kazi imekwisha. Wanafunzi wa kidato cha pili walijifunza utambuzi huu kwa wiki chache tu, na wengine walinishinda kwa wepesi.

Kugawa picha ndiko kulikoleta mashaka. Madukani Embu mjini kulikuwa na splita za aina mbili. Moja ilikuwa kebo yenye vichwa viwili, bei yake ya chini. Nyingine kijisanduku chenye waya wake wa stima. Ile ya bei ya chini inagawa ishara ileile nusu kwa nusu, hivyo kila skrini inapata picha iliyofifia. Kijisanduku huiongezea ishara nguvu kabla ya kuigawa. Umbali nao una gharama yake: kebo ndefu ya VGA inayozunguka ukuta mzima huleta kivuli pembeni mwa kila herufi, na mtoto wa nyuma anasoma maneno yenye vivuli vyake. Mara nyingi tulichohitaji kilikuwa kusogeza meza ya mwalimu katikati ya chumba, kebo zote zikafupika.

Halafu kuna lile tatizo ambalo jicho haliwezi kuliona, nalo ndilo lililobadilisha kazi yangu. Tangu miaka ya tisini monita hubeba maelezo yake yenyewe, baiti 128 zinazoitwa EDID, zinazoiambia kompyuta skrini ina nukta ngapi na inaweza kuchora picha mara ngapi kwa sekunde. Kompyuta ikiwashwa huuliza, monita hujibu, na mazungumzo yao hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Sasa weka splita katikati. Splita nyingi hupitisha jibu la skrini iliyochomekwa kwenye tundu la kwanza pekee. Skrini hiyo ikiwa mpya na yenye nukta nyingi, kompyuta itatuma picha ya ukubwa huo kwa zote, na projekta ya zamani inayoweza 1024 kwa 768 tu itaandika kwamba ishara imevuka kiwango chake, kisha itazimika.

Niliwaona walimu wakibadilisha kebo na kulaumu stima, na hata kuipeleka projekta nzima mjini kutengenezwa. Haikuwa na kasoro yoyote. Ilitakiwa tu kuchomekwa kwenye tundu la kwanza, ili skrini dhaifu kuliko zote ndiyo ijibu swali la kompyuta.

Jambo hilo lilizua ubishi. Mwalimu mmoja wa hisabati, mtu makini sana, hakupenda monita zake nzuri zishushwe hadi kiwango cha projekta kuukuu. Alisema herufi zinanenepa na duara linakuwa yai. Ni kweli, monita pana ikilazimishwa picha ya umbo la zamani huivuta pande mbili, ingawa kwenye menyu yake kuna mahali pa kuizuia isivute. Nilishikilia msimamo wangu na bado naushikilia: picha ya wastani inayoonwa na darasa zima ina thamani zaidi kuliko picha safi inayoonwa na safu mbili za mbele. Mwishowe alikubali, nami nikakubali kukaa naye jioni moja tukirekebisha menyu za monita zote mpaka duara likawa duara.

Stima ilikuwa na vituko vyake. Ilikuwa ikipotea na kurudi ghafla, na kila kitu kikawaka kwa pamoja. Kompyuta ikiwahi kuamka kabla ya skrini, inauliza swali lake na kukuta kimya, kisha inaamua yenyewe. Ndiyo maana tuliandika kwa chaki karibu na swichi: skrini kwanza, kompyuta mwisho. Mpangilio huo peke yake uliondoa nusu ya simu nilizokuwa nikipigiwa asubuhi.

Windows 7, iliyotoka 2009, ilileta kitufe cha Windows pamoja na P, na pale ndipo wengi walipotambua kwamba kompyuta inaweza kurudufu picha au kuitandaza. Ikitandazwa, skrini ya pili inakuwa mwendelezo wa meza, na mwalimu anaona kwake somo huku wanafunzi wakiona picha tupu ya mandhari. Mara ngapi nimeitwa kwa ajili ya hilo tu! Siku hizi kabla sijapanda bodaboda namwomba anayepiga simu abonyeze vitufe hivyo viwili kwanza.

Mwaka wa 2016 Mpango wa Elimu ya Kidijitali ukafika katika shule za msingi: tableti za watoto wa darasa la kwanza, vipakatalishi vya walimu, projekta, na kisanduku cha kuhifadhia masomo. Shule ambazo hazikuwa na stima ziliunganishwa au kupewa paneli za sola ili vifaa viwake. Kipindi hichohicho HDMI ilikuwa inaisukuma VGA nje. Nilianza kubeba mfuko wa adapta, na nikaanza pia kueleza jambo ambalo wauzaji hawalielezi, kwamba adapta nyingi zina mwelekeo mmoja tu. Inayotoka DisplayPort kwenda HDMI haiwezi kugeuzwa ikatumika kinyume, na ile ya VGA kwenda HDMI inahitaji stima yake kupitia USB. Kompyuta za mezani za mitumba kutoka Ulaya zilikuja na soketi tatu nyuma, lakini nyingi za kabla ya 2012 ziliweza kuendesha skrini mbili tu kwa wakati mmoja. Ya tatu ilibaki nyeusi hata ufanyeje, na mtu alikwenda kununua kebo nyingine bure.

Kwa HDMI picha haigeuki manjano. Kwa kawaida huja kamili au haiji. Pale sokoni mwenye hoteli alitaka kuonyesha mpira kwenye televisheni mbili kutoka dekoda moja, moja ndani na nyingine barazani kwa waliokaa nje wakitafuna muguka. Ya ndani ilionyesha, ya barazani ikagoma. Dekoda hutuma picha iliyofungwa kwa HDCP, na kila televisheni lazima ithibitishe kwamba ina ufunguo. Ile ya nje ilikuwa ya zamani, haina. Nilitumia kebo za AV, zile za manjano, nyekundu na nyeupe, kwa televisheni ile, na waliokaa nje wakaona bao sawa na waliokaa ndani.

Kisha waya ukaanza kutoweka. Walimu wa shule za sekondari msingi, zilizoanza 2023 ndani ya shule za msingi, wanataka kutuma picha kutoka kwenye simu hadi televisheni ya ukutani. Wengine huacha kujaribu kwa kudhani itakula bando. Miracast haihitaji intaneti hata kidogo. Simu na televisheni huongea zenyewe kwa Wi-Fi. Shida yake ni kwamba huenda kwa skrini moja, huchelewa kidogo, na hukatika chumba kikijaa simu. Mwalimu akitaka skrini tatu, hupokea picha ya simu kwenye televisheni moja na hapohapo anakwama. Kwa hiyo bado ninatandaza kebo, na bado ninauliza kwa utaratibu uleule wa zamani: stima ipo, kebo imekaa, chaguo ni kurudufu, skrini dhaifu imejibu swali?

Tofauti ni anayeuliza. Katika shule moja karibu na bwawa la Kiambere ni msichana wa gredi ya nane ndiye huitwa picha ikipotea. Ana daftari lenye jina la kila skrini, idadi ya nukta zake, na tundu lake kwenye splita. Bodi ya shule ilipopanga kununua televisheni mbili zaidi mwaka huu, mwalimu mkuu alimwita aingie kikaoni na daftari hilo, naye akawaomba wanunue mbili zinazofanana na zile zilizopo nyuma ya darasa.