Kigoma, mwisho wa reli: Boti iliyomgeukia mwenzake

Kuna safari za kwenda kula raha na kuna safari za kwenda kuongea. Yangu ya Kigoma ilikuwa ya kuongea, ingawa kwenye begi nilipakia magauni ya kula raha.

Mume wangu alihamishiwa kule kikazi, mimi nikabaki Dar na uhasibu wangu. Miezi minane ya mapenzi ya simu, si unajua tena! Mwanzoni tulikuwa tunaongea mpaka usiku wa manane. Baadaye ikawa "Umekula?" "Nimekula", basi, kila mtu analala na mto wake. Nikaamua kumfuata. Ndege ipo, lakini nilichagua treni kwa sababu nilitaka muda wa kupanga maneno. Zaidi ya kilomita 1,200, unapita Morogoro, Dodoma, Tabora. Hata uwe na maneno mengi kiasi gani, yatapangika tu.

Nilikuwa na siri. Ofisini walinipandisha cheo, na nilishasaini mkataba mpya wa miaka miwili bila kumwambia.

Alinipokea stesheni kwa tabasamu lile lile lililoniponza siku ya kwanza. Jioni tukala migebuka wa kuchoma na ugali kando ya ziwa. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa inaingia gizani taratibu. Nikajua muda wa kusema umefika. Nikaogopa. Badala yake nikauliza swali la kupoteza muda: "Hivi ni kweli hapa palipiganwa vita vya meli?"

Mume wangu ni injinia, na ukimgusa kwenye mambo ya mashine umemaliza. Akasogeza sahani.

Akaniambia kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, reli ya Wajerumani kutoka Dar ilikuwa imefika Kigoma miezi michache tu kabla. Kwa reli hiyo wakaleta boti ndogo ya mvuke iliyokuwa ikifanya kazi pwani. Iliitwa Kingani, jina la zamani la mto Ruvu unaomwaga maji karibu na Bagamoyo. "Ilipakiwa kwenye treni kama wewe," akanitania. Wakaifunga mzinga, ikawa boti ya vita. Hapa ziwani ikaungana na Hedwig von Wissmann, nayo meli ya mvuke iliyofungwa mizinga. Baadaye mwaka 1915 ikaongezeka Graf von Götzen, meli kubwa iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Ziwa lote likawa lao.

Walichokuwa hawajui ni kwamba Waingereza wanakuja kwa mlango wa nyuma. Chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson, boti mbili za injini, Mimi na Toutou, zilisafirishwa kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume kule Katanga, kisha zikaburuzwa porini na milimani kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na nguvu za Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mwisho zikafika ziwani upande wa Kongo, sehemu inayoitwa leo Kalemie.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ikapita pale ikichunguza pwani. Zile boti mbili zikatoka na kuifukuza kwa nyuma. "Sasa sikiliza," mume wangu akasema, akichora mezani kwa kidole chenye mafuta ya samaki. "Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele, na ulipiga mbele tu. Adui anayetoka nyuma huwezi kumfanya kitu mpaka ugeuze boti nzima." Mpambano ulichukua dakika 11. Nahodha, Luteni Junge, akauawa, bendera ikashushwa. Walionusurika walikuwa pamoja na mbuzi aliyekuwa akifugwa melini! Waingereza wakamchukua mbuzi, wakachukua na boti. Wakaiziba matobo, wakaifunga mzinga mkubwa zaidi, wakaibatiza jina jipya: Fifi.

Nilicheka kwa ajili ya mbuzi. Kicheko hakikudumu.

Kule Kigoma, boti haikurudi na hakuna aliyejua kilichoipata. Februari 1916 Hedwig ikatumwa kwenda kuchunguza. Tarehe 9 ikakutana na Mimi, na pamoja na Mimi ilikuwepo Fifi. Wakafukuzana kwa saa kadhaa, makombora ya Fifi yakakaribia kuisha, halafu moja likapata chumba cha injini. Hedwig ikazama.

"Kwa hiyo," nikauliza, "aliyemzamisha ni yule yule aliyekuwa anamtafuta?"

"Ndiyo."

Tukanyamaza wote wawili. Nikamwona anakunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja tena. Tabia yake hiyo naijua.

"Nimenunua kiwanja hapa," akasema. "Kwa ile akiba yetu. Nilitaka nikushtukize."

Akiba yetu! Nilisimama, nikatembea mpaka kwenye maji. Nilikuwa na haki ya kukasirika na nilikasirika kweli. Lakini miguu ikiwa ndani ya maji nikakumbuka sahihi yangu kwenye ule mkataba. Kila mmoja wetu alikuwa anaangalia mbele yake tu. Nikarudi, nikamwambia na mimi langu. Usiku ule hatukulala mapema, na si kwa sababu mnayoifikiria.

Asubuhi nilimuuliza ile meli kubwa, Götzen, iliishia wapi. Akasema Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, ili isichukuliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba, meli iliyobeba abiria wa ziwa hili kwa miongo mingi. Kingani, yaani Fifi, haikuwa na bahati hiyo. Ilizamishwa mwaka 1924 na hadithi yake ikaishia hapo.

Mimi na mume wangu hatujamaliza. Kiwanja kipo, mkataba upo, na bado tunabishana nani amfuate nani. Ila sasa tunabishana kwa sauti, na kila mwisho wa mwezi mmoja wetu anasafiri.

Nawe ukienda Kigoma na mwenzio, nenda Ujiji mkaone Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, nunueni dagaa wa kutosha na mawese. Halafu jioni moja zimeni simu, kaeni ufukweni mkitazama Kongo, na kila mtu aseme lile alilokuja nalo begini.