Wanawake Waliovuka Arobaini



Wapendwa waamini na wasomaji wa tafakari hii, juma lililopita niliulizwa swali moja mara tatu: kwanza na mwenyekiti wa kwaya, kisha na mwalimu wa kwaya, na mwisho na kijana mmoja aliyenisimamisha kandokando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, huku kondakta wa daladala akiita abiria wa Usa River. Wote walitaka kujua kama ni kweli Paroko amewakataza wanakwaya kurudi studio. Sikuwakataza. Nilichopendekeza ni kwamba albamu yao ya pili irekodiwe kanisani, siku ya tamasha, watu wakiwamo. Ni haki yenu kujua sababu. Maelezo yangu yanaanzia kwenye santuri ya zamani na yanaishia kwenye kosa nililolitenda mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi wa seminari ndogo, padri mzee aliyetufundisha muziki alikuwa na santuri mbili zilizowekwa katika jalada moja. Jumamosi jioni, baada ya kazi za shamba, alituruhusu kuzisikiliza kwa sharti kwamba mikono yetu iwe safi na asiwepo wa kugusa sindano ila yeye. Ilikuwa albamu ya Harry Belafonte iitwayo Belafonte at Carnegie Hall, iliyotolewa mwaka 1959.

Belafonte alizaliwa Harlem, New York, tarehe 1 Machi 1927, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika, nchi ya asili ya mama yake. Alikuwa mwimbaji wa nyimbo za watu, zile za mashambani na za bandarini. Nyingine alizipokea kutoka kwa wazee, nyingine zilitungwa na mwenzake Irving Burgie, na chache waliziandika pamoja. Albamu yake ya mwaka 1956, Calypso, iliuza nakala zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo alipopanda jukwaa la Carnegie Hall jijini New York usiku wa tarehe 19 na wa tarehe 20 Aprili 1959, hakwenda kutafuta jina. Maonyesho yale yalikuwa ya hisani, na mapato yake yalisaidia shule mbili, mojawapo ikiwa Wiltwyck, shule ya wavulana waliokuwa na matatizo. Kampuni ya RCA Victor iliweka vinasa sauti ukumbini, na kutokana na siku hizo mbili ikapatikana albamu yake ya kwanza ya jukwaani.

Wimbo tulioungoja kila Jumamosi ulikuwa Matilda. Ni wimbo wa mzaha, juu ya mwanamume aliyeibiwa fedha zake na mwanamke aliyekimbilia Venezuela, na kwa kawaida unaweza kumalizika kwa dakika chache. Katika santuri ile unapita dakika 10, kwa sababu Belafonte hauimbi peke yake. Anawaimbisha watu wa ukumbi mzima. Anawapa zamu wapiga vyombo. Anawagawa wasikilizaji makundi makundi, na kila kundi linajibu kwa namna yake, wengine kwa nguvu, wengine kwa aibu. Kisha anawaita wanawake waliovuka miaka arobaini waimbe wao tu. Ukumbi unaangua kicheko, kwa maana ni nani atakayejitokeza kuukiri umri wake mbele ya watu? Hata hivyo zamu yao wamepewa, nayo imebaki katika santuri.

Sisi vijana tulicheka pamoja na watu wale tusiowajua. Siku moja mwenzetu aliuliza kwa nini wenye kampuni hawakukiondoa kicheko, na vikohozi, na makofi yaliyoanza kabla ya wakati. Padri mzee akainua sindano, akajibu: "Ukiwaondoa hao, utabaki na mtu mmoja anayejiimbia." Akairudisha sindano mahali pake.

Nisieleweke kwamba ninasifu uzembe. Belafonte alikuja na okestra kubwa iliyofanya mazoezi, chini ya kiongozi aliyeijua kazi yake. Fundi mitambo, Robert Simpson, alipewa tuzo ya Grammy kwa kazi ya kuinasa albamu hiyo. Kila kilichowezekana kuandaliwa kiliandaliwa. Tofauti na studio ni moja tu. Studio humruhusu mwimbaji kurudia mpaka kosa lifutike, na humruhusu fundi kuchagua nani asikike na nani asisikike. Ukumbini kosa likitoka limetoka, na aliyekuja amekuja.

Mwaka ule ule wa 1959, Tom Mboya wa Kenya alikuwa Marekani akitafuta nauli za vijana wa Afrika Mashariki waliopata nafasi za masomo huko. Belafonte, pamoja na Sidney Poitier na Jackie Robinson, alitia sahihi barua ya kuomba michango, na mwezi Septemba ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka 1965 alitoa albamu na Miriam Makeba, na humo wameimba Malaika kwa Kiswahili chetu. Alipofariki tarehe 25 Aprili 2023, akiwa na miaka 96, niliikumbuka santuri ya seminari. Nilipoikumbuka sikuona furaha peke yake. Niliona aibu pia, na hapo ndipo panaponirudisha Maji ya Chai.

Mnaoishi mbali mnalifahamu jina la mji wetu na pengine mnaliona la kupendeza. Maji ya mto wetu yana rangi ya chai kweli. Lakini maji mengi ya ukanda huu wa Mlima Meru yana floridi nyingi, kupita kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na waliokunywa maji hayo tangu utotoni wana meno ya kahawia maisha yao yote. Hapa watu wazima hucheka wakiwa wameziba midomo kwa kiganja au kwa ncha ya kanga. Nimewabatiza watoto wao, nimewafungisha ndoa, na bado wapo ambao sijawahi kuona wakicheka wazi.

Kwaya yetu ilipokwenda Arusha kurekodi albamu ya kwanza, mwalimu wa kwaya alinijia jioni moja. Alisema fundi wa studio ameisikia sauti ya mama mmoja wa sauti ya kwanza, mama aliyeimba parokiani tangu kanisa likiwa la mabanzi, na kwamba sauti yake sasa inatetemeka na kuvuruga nyingine. Alisema pia kuwa siku ya kupiga picha za video ingefaa wenye meno yaliyoharibika wasimame mstari wa nyuma. Aliniuliza afanyeje. Nilikuwa na hesabu za parokia mezani, na nilikuwa nimechoka. Nikamjibu, "Fanyeni linalofaa." Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Mama yule akaambiwa apumzike kwa kuwa safari ni ndefu. Akasema, "Haya," akaendelea kuja mazoezini kila juma na kukaa mwisho wa benchi.

Albamu ilitoka safi. Nasema hivi bila kejeli, kwa kuwa vijana walijitahidi na sauti zimepangika. Siku ya uzinduzi kanisa lilijaa, wageni wakatoka Kikatiti na Usa River, na kwaya ikasimama mbele ikifuatisha kwa midomo sauti zilizokuwa zikitoka kwenye spika. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ukakatika. Midomo ya wanakwaya iliendelea kufunguka na kufumba kwa kitambo, bila sauti yoyote, kisha mmoja mmoja wakanyamaza. Watoto wakaanza kucheka. Mimi niliinamisha kichwa.

Ndipo kutoka benchi la nyuma ikasikika sauti inayotetemeka. Mama yule alikuwa ameushika wimbo pale pale ulipokatikia. Aliimba ubeti mzima peke yake, na ulipofika mwitikio, akina mama wa jumuiya waliokaa karibu naye wakamwitikia, kisha wanaume, kisha kwaya yenyewe pale mbele, safari hii kwa sauti zao. Hatukuhitaji spika. Mtu mmoja alinasa tukio lile kwa simu, na nadhani wengi wenu mmelisikia, kwa kuwa lilizunguka kijiji kizima kwa juma moja. Ndani yake mna mtoto analia, mna mlango unabamizwa na upepo, mna mtu anaimba vibaya sana karibu na simu, na huyo nakiri ni mimi.

Siku tatu baadaye nilikwenda nyumbani kwake. Alinikaribisha kiti chini ya mgomba, akaniletea maziwa. Nikamwambia kwamba lile neno la kupumzika lilipita mezani kwangu, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Alikaa kimya kidogo, akanijibu: "Baba, sauti yangu naisikia mwenyewe. Najua inatetemeka. Wangeniambia hivyo, ningewaelewa. Lakini waliniambia safari ni ndefu, nami safari ya Arusha naijua."

Wapendwa, neno hilo limenikaa. Mama hakudai kwamba sauti yake ni nzuri. Hakudai hata nafasi katika albamu. Aliumizwa na uongo wa upole, ule tunaomwambia mtu ili tumwondoe bila sisi wenyewe kujisikia wabaya. Nami nilikuwa nimefanya zaidi ya hayo, maana sikumwambia uongo huo mwenyewe, nilimwachia mwingine auseme. Kuhusu meno sikuthubutu kumgusia. Aligusia yeye, alipokuwa akinisindikiza, akacheka na kusema kwamba gizani, umeme ulipokatika, alisahau kuziba mdomo.

Hiyo ndiyo sababu ya pendekezo langu. Najua pingamizi za vijana, na baadhi zina uzito. Wanasema albamu yenye vikohozi haitanunuliwa, na fedha za albamu ndizo zinazotegemewa kumalizia paa la ukumbi. Wanasema watachekwa na kwaya za mjini. Mwalimu wa kwaya ameniambia kwa heshima kwamba si haki kuwatwisha wanakwaya thelathini mzigo wa dhamiri ya paroko mmoja. Amesema kweli, na kwa sababu hiyo sikutoa amri. Nimewaomba tu wafanye mazoezi kwa miezi mitatu kana kwamba hakuna fundi atakayewarekebisha, kisha tukusanyike, tuwashe vinasa sauti mbele ya watu, na baadaye wasikilize wenyewe. Wakiona haifai, watakwenda studio nami nitachangia nauli. Lakini mtu yeyote asiambiwe tena kwamba safari ni ndefu. Kama hachaguliwi, na aambiwe kwa nini, na aambiwe usoni.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Siku ya tamasha itatangazwa. Akina mama mliovuka arobaini, naomba mfike mapema siku hiyo, kwa kuwa nimemwomba mwalimu wa kwaya awatengee zamu yenu, naye amekubali.

Nawatakieni nyote Dominika njema.