Nilihakiki Kofia ya Pama

Nianze na lililo baya zaidi, nisije nikalizungukazunguka: uhakiki wangu wa Tales of America, albamu ya kwanza ya J.S. Ondara, niliuandika kabla ya kuisikiliza albamu yenyewe. Ilitoka Februari 2019. Nilisikia nyimbo chache za mwanzo kupitia spika ya simu, ndani ya matatu, makanga akizozana na mama mmoja kuhusu chenji. Zilizobaki nilisoma majina. Usiku huo makala yakaenda kwa mhariri, naye akayapenda kwa kuwa yalikuwa makali.

Majina yalinitosha. Wimbo wa kwanza unaitwa "American Dream", wa mwisho "God Bless America". Kijana mwenyewe, kila picha niliyoiona, alikuwa na suti na kofia ya pama kama abiria aliyeachwa na treni ya mwaka 1940. Basi nikahukumu. Nikaandika kwamba huyu ni mtoto wa Nairobi aliyevuka bahari kwenda kuwapigia Wamarekani magoti, gitaa mkononi. Kwamba ana sauti nzuri isiyo na kwao. Hiyo "sauti isiyo na kwao" niliipenda mno. Niliitamka redioni, na nilipoona watangazaji wanacheka nikaitamka tena.

Habari zake hazikuwa siri. Ondara alizaliwa Nairobi mwaka 1992, akakua akisikiliza roki kwenye redio ya betri pale nyumbani, Nirvana na Radiohead na wengineo. Siku moja akabishana na rafiki yake, akashikilia kwamba "Knockin' on Heaven's Door" ni wimbo wa Guns N' Roses. Wakawekeana dau, akaliwa: mtunzi ni Bob Dylan, na wimbo ni wa mwaka 1973. Kuliwa huko ndiko kulikomfikisha kwa Dylan. Baadaye akashinda ile bahati nasibu ya kadi ya kijani, na mwaka 2013 akahamia Minneapolis kwa shangazi yake, maana Dylan ni mwana wa Minnesota. Gitaa alijifunzia huko. Nairobi alikuwa na mashairi tu, pesa ya gitaa hana. Yote haya niliyasoma, na kila tukio nikaligeuza kuwa ushahidi wa mashtaka. Kaliwa dau, kwa hiyo hata Dylan kamwokota njiani. Gitaa kajifunzia ugenini, kwa hiyo si lake. Mtu akishaamua, ushahidi haukosi.

Novemba ya mwaka huohuo orodha ya Grammy ikatangazwa, na Tales of America ikawemo katika kundi la albamu bora ya Americana. Hapa ndipo ninapoona haya kuliko pengine pote. Niliandika makala mengine, ya shangwe, nikimwita "kijana wetu". Ya Februari sikuyagusa. Tuzo yenyewe, Januari 2020, ilimwendea Keb' Mo', mkongwe wa bluzi, nami nikalalamika kwamba tumeonewa. Tumeonewa sisi!

Yangeishia hapo huenda ningekaa kimya hadi leo. Ondara ana tuzo za kuwania na majukwaa ya kupanda; maneno ya mhakiki mmoja wa Nairobi hayakumpunguzia usingizi. Aliyepunguziwa ni binti mmoja wa Rongai.

Alikuwa akiandaa albamu yake ya kwanza. Alirekodi chumbani kwake, sauti na gitaa kavu, blanketi likiwa limetundikwa dirishani kuzuia honi za matatu, na zile zilizolishinda blanketi zikabaki ndani ya nyimbo. Aliniandikia: "Anko, nimesoma uliyoandika kuhusu Ondara. Naomba usikilize zangu kabla sijapotea kama yeye." Maneno hayo yangenishtua mtu mwingine angeyaandika kwa kejeli. Yeye alimaanisha.

Zake nilizisikiliza sawasawa, na hilo linanizidishia kosa. Nilivaa vipokea sauti, nikafunga mlango. Alichanganya Kiswahili na Kiingereza jinsi tunavyochanganya sote mezani, bila kutangaza kwamba anachanganya. Wimbo mmoja ulimhusu mama yake, mweka hazina wa chama, akihesabu pesa za watu usiku. Kila anapokaribia mwisho anasahau na kuanza upya, na gitaa nalo linarudi mwanzo pamoja naye. Niliurudia wimbo ule usiku kucha. Kisha asubuhi nikamjibu kwamba kuna uzungu mwingi humo. Nilimwambia apunguze Kiingereza, aongeze ngoma, atafute mdundo ambao watu watausimamia. Nikampa namba ya prodyuza wa mjini.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu halinipendezi. Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu kwamba muziki wa namna hii ni wa kuazima. Kuzisifu nyimbo zake kungekuwa kukiri kwamba nimekosea kuhusu Ondara. Nikaona afadhali yeye abadilike kuliko mimi.

Prodyuza simlaumu, aliifanya kazi aliyopewa. Alipandisha kasi, akajaza besi, akainyoosha sauti kwa programu mpaka pumzi zake zote zikafutika. Honi za Rongai hazikuwemo tena. Wimbo wa mama ulipata kiitikio cha kuchezwa arusini. Albamu ilitoka mwaka 2020, katikati ya korona, na mimi sikuiandikia hata mstari. Sikuona pa kuanzia. Zile rekodi za chumbani zilikuwa ndani ya kompyuta aliyoiuza ili amalize deni la studio.

Wakati wa kafyu, nikiwa sina pa kwenda, ndipo nilipoiweka Tales of America kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni albamu iliyovuliwa mapambo. Prodyuza wake, Mike Viola, ameviweka vyombo nyuma, akamwacha kijana mbele peke yake na sauti ile nyembamba inayopanda hadi mahali ambapo wanaume wengi huona aibu kufika. "American Dream", nilioudhani wa sherehe, umejaa hofu. Na "God Bless America" niliousoma jina tu ni mfululizo wa maswali ya mtu aliye mlangoni: anaiuliza nchi kama ina nafasi yake, kama iko tayari kusema kweli. Magoti niliyoyaandika mimi hayamo. Kuna na "Days of Insanity", ambamo dubu anangoja ndege uwanjani na ng'ombe yuko matangani. Huko magharibi mwa Kenya ng'ombe matangani si kioja, na niliposikia hivyo nilikurupuka: kumbe ni wa kwetu! Kisha nikajishika. Kumtafutia cheti cha Ukenya ndani ya mstari mmoja ni kosa langu lilelile, limegeuza shati tu.

Na hicho "cha kwetu" nilichokuwa nikikilinda ni kipi hasa? Nimelelewa katika nyumba ambayo Krismasi haikuanza mpaka Jim Reeves aimbe. Baba alimjua Don Williams kuliko alivyowajua majirani, na katika matanga niliyohudhuria nimesikia wimbo wa kantri mara nyingi kuliko nyatiti. Hakuna aliyemwambia baba kwamba amepotea njia. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, akawakuta wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimeshafika bondeni huko. Wale wasichana hawakuomba radhi kwa kumpenda Mmarekani mwenye gitaa. Walimpa kwato, wakamwimba. George Mukabi naye, tunayemtaja kila tukitaka kujisifu kwa gitaa la Waluhya, alikuwa akipiga chombo kilichoshuka melini. Haya nilikuwa nikiyajua. Nimewahi kuyafundisha. Siku ya kumhukumu Ondara niliyaweka kando kwa sababu yangeharibu sentensi nzuri.

Mwaka jana nilimtafuta yule binti nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Nikajitolea kulipia studio ili azirekodi upya zile nyimbo, gitaa na sauti, asiongezewe kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakataa, bila hasira. Alisema alizitunga akiwa na miaka kumi na tisa na sasa hazimkai tena. Ule wa mama hawezi kabisa, kwa sababu mama ameshaachana na kile chama na mambo yake yana historia ndefu. Anatunga nyingine. Nilimuuliza kama naweza kuzisikia akasema, "Hapana, Anko, zikitoka utazinunua."

Alikuwa na ombi moja. Makala yangu ya Februari bado yanazunguka, na vijana wanaoanza kupiga gitaa bado wanatupiwa ile "sauti isiyo na kwao" kama methali. Alitaka niyakane kwa jina langu. Mhariri alisema masahihisho hayasomwi na mtu, akanipa mistari miwili ukurasa wa ndani. Nilimwomba nafasi yenye ukubwa wa ile aliyonipa Februari 2019. Tulibishana wiki nzima, na hatimaye akakubali.