Mwanao akitaka fasihi na saikolojia

Msomaji, kila mara matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, mjadala huzuka nyumbani: mtoto akasomee nini chuo kikuu? Akitaja uuguzi, sheria au uhandisi, wazazi hutabasamu. Lakini akisema anataka kuchanganya fasihi, falsafa na saikolojia katika shahada yake ya kwanza, nyuso hukunjamana.

Kwetu yametufika. Kaka yangu, anayelipa karo kwa jasho la kuuza mitumba, alimwuliza bintiye: "Nitoe pesa zangu ukasomee ngano na wazimu?" Msichana akanigeukia mimi, shangazi yake. Sikumlaumu kaka, kwani kazi ni haba na karo haiokotwi njiani. Hata hivyo, nilimweleza haya ninayokueleza wewe.

Saikolojia ilizaliwa katika nyumba ya falsafa. Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, alikuwa profesa wa falsafa. Na hadi leo ndugu hawa hawajatengana. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge, Uingereza, alichapisha utafiti wake kuhusu kumbukumbu. Aliwapa Waingereza ngano ya wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya. Mitumbwi iligeuka mashua, na mambo yaliyokuwa mageni kwao wakayaacha au kuyabadilisha. Bartlett akaonyesha kwamba akili haihifadhi hadithi kama kanda ya kaseti. Huijenga upya kulingana na desturi za msimulizi. Je, hiyo ni saikolojia au ni fasihi?

Tuje karibu na kwetu. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia akina nyanya waliopewa mafunzo. Huketi benchini na wenye dhiki na kuwasikiliza. Hawawatishi kwa majina ya kitabibu. Hutumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na mtu hufunguka.

Hapa Kenya pia mgonjwa wa huzuni hasemi ana huzuni. Husema "nina mawazo" au "roho yaniuma". Asiyejua lugha, imani na historia ya msemaji atampa dawa ya kichwa na kumrudisha nyumbani na mzigo wake. Ndiyo maana masomo haya hufaa yakienda pamoja.

Lakini tusidanganyane. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 inamtaka mshauri nasaha au mwanasaikolojia asajiliwe kabla ya kutoa huduma. Digrii si leseni. Kwa hivyo, kabla ya kujaza fomu, ulizeni chuo: masomo gani yanaruhusiwa kuchanganywa? Kuna mafunzo ya kazini? Je, digrii hiyo itakubaliwa wakati wa kujisajili, au itabidi asome zaidi, na kwa karo ya nani?

Nawe mwanafunzi, usikimbilie kozi hii kwa kuogopa hesabu. Saikolojia ina takwimu, tena si haba. Ukiwa tayari kwa riwaya na kwa hesabu pia, mketishe mzazi wako umweleze kwa adabu. Naye mzazi asikilize hadi mwisho kabla ya kukataa.