Jiliwa la Mtaa wa Nubia

Kijana mmoja anayechomelea milango karibu na soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, nilipomwomba anibanie mpini wa jembe katika jiliwa, aliniuliza kwa adabu, "Tata, jiliwa ndiyo nini?" ilhali amekiegemea chombo chenyewe kwa kiwiko. Kwake yeye hiyo ni vaisi, wala hana habari kwamba iliwahi kuitwa vinginevyo.

Sisi jina hilo tulilipata kwa seremala mmoja wa mtaa wa Nubia, mtu wa pwani aliyehamia bara kwa sababu ambazo hakupata kuzieleza, na ambaye karakana yake, iliyonukia gundi ya kuchemshwa, maranda ya mvule na, siku ya Ijumaa, ubani, ilitukusanya watoto wa Kigusii kila tutokapo sokoni. Jiliwa lake lilikuwa la chuma kizito, limekazwa ukingoni mwa meza, na kabla ya kulikaza alikuwa akitia vipande viwili vya ubao laini baina ya meno ya jiliwa na kazi, ili mti wa watu usipate kovu. Koleo alikuwa nalo pia, lakini hilo lilikuwa la kushikia cha moto na kung'olea misumari, na ole wake mtoto aliyeyachanganya majina hayo mawili!

Nimejaribu kuihakiki miaka ya kumbukumbu hiyo: Nyamira ilikuwa bado haijatengwa na wilaya ya Kisii, jambo lililotukia mwaka 1989, na mtunga kamusi Johnson alikwisha kulitia neno hilo katika kamusi yake ya Kiswahili ya mwaka 1939. Basi, yatosha. Wachongaji wa mawe wa Tabaka, kwa upande wao, hawakulihitaji jiliwa lenyewe, maana jiwe la sabuni likibanwa na chuma hupasuka. Wao hulishika kwa mikono na mapaja.

Linaloniudhi ni la baadaye. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, wazazi walichangishwa fedha za karakana, na useremala ukafundishwa, lakini kwa vitabu vya Kiingereza, hata mtoto akajua kukaza asichoweza kukitaja kwa lugha ya sokoni kwao. Halafu masomo yenyewe yakapunguzwa, karakana zikawa maghala ya madawati mabovu. Siku hizi linalovuma ni klampu, nalo si la seremala: ni ile pingu ya chuma afungiwayo gurudumu dereva asiyelipa ada ya maegesho, na hilo wanalijua hata watoto wa chekechea.