Okidi ya Kinamasi: Ua la Minnesota Lilalo Chini ya Theluji

Sisi watu wa mwambao tumezoea maua yasiyochelewa. Kijiti cha asumini kikichomekwa ardhini wakati wa masika, haupiti muda mrefu kabla ya wanawake wa nyumba kuanza kuyatunga maua yake. Okidi nazo tunazijua, ingawa pengine hatuziiti kwa jina hilo. Vanila tutiayo katika keki na maziwa ni tunda la okidi, na katika misitu ya Shimba Hills ziko okidi zenye madoa kama ya chui, zinazoota juu ya miti. Zote hizo ni mimea ya joto. Mwezi wa Juni mwaka 2025 tulisafiri hadi jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na huko tukaiona okidi ambayo bila ya baridi kali haiwezi kuishi.

Minnesota ni nchi ya maziwa na vinamasi. Katika mji wa Minneapolis wanaishi watu wengi wa Afrika ya Mashariki, Wasomali wakiwa ndio wengi zaidi, na Wakenya pia wamo. Sisi tulifikia kwa shangazi yetu, mwanamke mtu mzima aliyetoka Mombasa kumfuata mwanawe na wajukuu. Tulipofika jua lilikuwa likituwa baada ya saa tatu za usiku, na hewa ilikuwa ya vuguvugu. Lakini shangazi alitutahadharisha tusidanganyike. Januari, alisema, baridi huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri, na ardhi ikawa ngumu kama jiwe.

Ua tulilokwenda kulitazama wenyeji huliita sapatu ya bibi, na wataalamu huliita Cypripedium reginae. Shina lake huweza kufikia urefu wa mita moja na zaidi. Petali zake ni nyeupe, na katikati huning'inia kifuko cha waridi, kilichovimba mfano wa ncha ya sapatu. Tangu mwaka 1902 ndilo ua rasmi la jimbo hilo. Ni zuri, ila si la kushikwashikwa, kwani majani na shina lake vina vinyweleo viwezavyo kuiwasha ngozi.

Lililotustaajabisha zaidi ni maisha yake. Kila tumba lililokauka hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo mithili ya vumbi. Mbegu hizo hazina akiba ya chakula ndani yake, tofauti na punje ya mahindi au ya kunde. Ili ichipue, lazima mbegu ikutane udongoni na aina ya kuvu itakayoilisha. Mbegu nyingi mno hupotea bure. Ile iliyojaliwa hukua polepole, kwanza gizani chini ya ardhi, kisha kwa jani moja baada ya jingine. Toka mbegu hadi ua la kwanza huweza kupita miaka 14 hadi 16. Likishashika mizizi, nalo huweza kuishi zaidi ya miaka 50.

Kwa sababu hiyo sheria ya jimbo inalilinda tangu mwaka 1925. Zamani watu waliling'oa kwa mikono mitupu na kulipeleka bustanini kwao, na aghalabu lilikufa. Mizizi yake hutambaa mbali, na mwenye kuchimba kwa pupa huikata.

Katika mji wenyewe wa Minneapolis tulizuru bustani ya maua ya asili iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa juhudi za mwalimu wa kike, Eloise Butler, aliyekuwa akifundisha elimu ya mimea. Aliona vinamasi vikikaushwa na mji ukipanuka, akawashawishi wakuu wa mji watenge mahali ambapo mimea ya asili ingesalimika. Mwaka 1911, alipokwisha kustaafu ualimu, akawa msimamizi wa kwanza wa bustani hiyo, na akaitunza hadi alipofariki mwaka 1933. Tulipita kwa utulivu katika njia zake nyembamba, na watoto wakaonywa wasitoke njiani.

Hata hivyo, bustani iliyotugusa zaidi ilikuwa ndogo kuliko mkeka, nyuma ya nyumba ya shangazi. Yeye na mwanawe walichimba shimo la kina cha nusu mita na upana wa mita moja. Walilitandika karatasi nzito ya plastiki isiyopitisha maji, wakatoboa matundu ubavuni, kiasi cha shibiri moja kutoka juu, ili maji ya ziada yatoke. Kisha wakalijaza udongo mweusi wa kinamasi uliochanganywa na mchanga. Siri yake ni kwamba mizizi ipate unyevu daima, lakini machipukizi yaliyo shingoni mwa mmea yasizame majini. Mahali penyewe hupata jua la asubuhi, na mchana pana kivuli. Maji anayomwagia ni ya mvua, aliyoyakinga chini ya paa kama wafanyavyo watu wa Lamu na Pate.

Mche hawakuuchimba porini. Waliununua kwa mkulima mwenye kibali, ambaye huotesha mbegu ndani ya chupa safi zisizo na vijidudu, kisha huilea miche kwa miaka kadhaa kabla ya kuiuza. Waliupanda mwezi wa Septemba mwaka 2022, wakati mmea unapoanza kulala, machipukizi yakiwa yamefukiwa sentimita mbili au tatu tu.

Tulimuuliza shangazi kama hakuogopa baridi ingeuua. Akatujibu kwamba sivyo. Okidi hii hudai miezi ya baridi kama vile mnazi unavyodai joto. Bila ya usingizi huo mrefu haiamki. La hatari ni kukosekana kwa theluji. Theluji nene huifunika ardhi kama blanketi, na hata hewa ya nje ikiwa kali namna gani, udongo ulio chini yake hauzizimi kwa kiasi hicho. Ikikosekana, ardhi huganda leo na kuyeyuka kesho, na mizizi ikatikisika na kukatika.

Na ndivyo ilivyotokea. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyopata kurekodiwa katika jimbo hilo, na theluji ilikuwa haba. Mwanamke huyu, ambaye miaka yake ya kwanza ugenini hakutaka hata kufungua mlango mwezi wa Januari, alitoka nje kila alipoona kitanda chake kiko wazi. Alikifunika kwa majani makavu na sindano za misonobari, akaweka matawi juu yake ili upepo usiyapeperushe. Mwezi wa Mei likachipua shina moja tu, fupi kuliko la mwaka uliotangulia, wala halikutoa ua. Mwanawe alimshauri auache mmea huo. Shangazi hakukubali.

Tulipokuwa kwake, katika wiki ya tatu ya Juni, shina hilo lilibeba maua mawili.

Mwisho wa mwezi alitupeleka kaskazini, mwendo wa saa tano hivi kwa gari, hadi Barabara nambari 11 karibu na mji wa Baudette, mpakani na Kanada. Huko sapatu hizo zilikuwa zimesimama mitaroni kando ya barabara, makundi kwa makundi, hazina ukuta wala mlinzi. Hapo ndipo shangazi alipotusimulia kwamba miaka mitatu nyuma mjukuu wake, aliyekuwa na miaka kumi, alimwambia, "Bibi, haya ni mengi. Tukichukua moja nani atajua? La dukani litachelewa."

Naye alimjibu, "Mwanangu, hili unaloliona limekuzidi umri. Ukiling'oa, utapata ua la wiki moja, na hapa patabaki shimo. La kwetu tutalingoja."

Kijana huyo wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikuwa amesimama pale pale mtaroni akisikiliza, mikono mifukoni. Tukiwa njiani kurudi alimuomba bibi yake kazi moja. Vuli ikifika na majani ya miti yakianza kupukutika, yeye ndiye atakayeyakusanya na kukifunika kitanda, kwani magoti ya bibi hayainami kama zamani. Shangazi alimkubalia kwa sharti moja, kwamba asiyaondoe majani hayo mapema mwezi wa Machi kwa kutamani kuona kilicho chini.